Kifua kikuu kilicholala na historia ya kipimo chake cha damu

Wakaaji wengi wa mashariki mwa Congo wanaijua TB ya kukohoa: kikohozi kinachopita wiki mbili, jasho la usiku, kukonda, mara nyingine damu kwenye makohozi. Kuna TB nyingine ambayo haisikiki. Mikrobe imeingia mwilini, kinga ya mwili imeizungushia ukuta, na mtu anaendelea na kazi zake bila kukohoa wala kumwambukiza yeyote. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamewahi kuipata mikrobe hiyo. Katika kila watu mia moja wa namna hii, watano hadi kumi wataugua TB kamili siku moja. Wengine hawataugua kamwe. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto mdogo, kwa mwenye virusi vya SIDA na kwa mtu aliyedhoofishwa na njaa, na watu hao si haba katika makambi ya wakimbizi wa ndani.

TB ya kukohoa inapimwa kwenye makohozi. Mikrobe yenyewe inaonekana kwa darubini, ama mashine ya GeneXpert inatambua alama zake. Ile iliyolala haina cha kuonyesha. Vipimo vyake, cha ngozi na cha damu, vinauliza jambo moja tu: je, kinga ya mwili huu inakumbuka kukutana na mikrobe ya TB? Ndiyo maana kosa lake ni gumu kugundua. Labo ikikosea kwa mgonjwa wa malaria, homa itamrudisha kesho yake. Ikikosea kwa TB iliyolala, hakuna atakayerudi kulalamika. Mwenye afya atameza dawa miezi mitatu au sita bila sababu. Mtoto aliyeambukizwa ataambiwa hana kitu, na kosa litajulikana baada ya miaka, kama litajulikana.

Historia ya vipimo hivi ina zaidi ya miaka mia moja, na sehemu yake kubwa ni historia ya watu waliojifunza kuhakikisha majibu baada ya kuumia.

Inaanzia Berlin. Tarehe 24 Machi 1882, mganga Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amegundua mikrobe ya TB. Miaka minane baadaye, mwezi wa Agosti 1890, mbele ya mkutano mkubwa wa waganga kutoka nchi mbalimbali, alisema amepata kitu kinachozuia mikrobe hiyo kukua. Kilikuwa maji yaliyotolewa kwenye mikrobe yenyewe, nayo yakaitwa tuberkulini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Koch hakueleza dawa yake imetengenezwa vipi mpaka mwaka uliofuata, na wakati huo ilikuwa tayari inadungwa watu. Haikuponya. Wengine walizidiwa, wengine walikufa, na Rudolf Virchow alipopasua maiti alionyesha kwamba ugonjwa ulikuwa umesambaa ndani yao.

Koch huyo huyo alifika karibu na kwetu. Mwaka 1906 na 1907 alikuwa kwenye visiwa vya Ssese, ndani ya ziwa Victoria upande wa Uganda, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoxyl, yenye arseniki ndani yake. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1905 aliistahili, lakini haraka yake ililipwa na watu wengine.

Tuberkulini ilishindwa kuwa dawa, ila ilikuwa na tabia moja iliyovuta macho: aliyewahi kuambukizwa TB, ngozi yake ilivimba ilipoguswa nayo. Mwaka 1907, huko Vienna, daktari wa watoto Clemens von Pirquet aliitumia kwa kukwaruza ngozi ya mkono. Aliona watoto wenye afya nzuri wakivimba, akaelewa kwamba mikrobe inaweza kukaa mwilini bila ugonjwa. Mwaka uliofuata Mfaransa Charles Mantoux akaidunga kwa sindano nyembamba ndani ya ngozi, na namna yake ndiyo inayotumiwa hadi leo: kudungwa leo, kurudi baada ya saa 48 hadi 72, muuguzi kupima uvimbe kwa rula ya milimita.

Shida ya kwanza ikajitokeza upesi. Kila mtengenezaji alikuwa na tuberkulini yake. Moja kali, nyingine hafifu, nyingine yenye uchafu. Uvimbe wa milimita kumi mjini hapa haukuwa sawa na wa milimita kumi mji mwingine, na hakuna aliyejua kama tofauti imetoka kwa watu au kwa chupa. Aliyelishughulikia jambo hilo ni mwanamke Mmarekani, Florence Seibert, mwanakemia aliyepata polio utotoni na kubaki na ulemavu wa miguu. Kabla ya TB alikuwa amefumbua fumbo jingine: kwa nini wagonjwa waliodungwa dawa kwenye mshipa walipata homa ya ghafla. Aligundua kwamba maji yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke, yaliyodhaniwa kuwa safi kabisa, yalibeba mabaki ya mikrobe, akatengeneza chombo cha kuyazuia. Kisha, katika miaka ya 1930 huko Philadelphia, alitoa protini ya tuberkulini ikiwa imesafishwa, iitwayo PPD. Akatengeneza akiba kubwa moja iliyowekwa kando kuwa kipimo cha vipimo vingine, kama jiwe la mizani ambalo mawe mengine sokoni yanalinganishwa nalo. Mwaka 1952 OMS iliikubali akiba hiyo kuwa kipimo cha dunia nzima. Kazi yake haisimuliwi sana, pengine kwa sababu haikuponya mtu mbele ya macho ya watu, lakini bila yeye milimita za Mantoux zisingekuwa na maana.

Wakati huo huo chanjo ilikuwa imepatikana. Albert Calmette na Camille Guérin, wa Taasisi ya Pasteur, waliikuza mikrobe ya TB ya ng'ombe kwa miaka kumi na mitatu, wakiihamisha tena na tena, zaidi ya mara mia mbili, hadi ikapoteza ukali wake. Mwaka 1921 mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo mjini Paris. Ndiyo BCG, ambayo watoto wa Congo wanapewa wakizaliwa.

Mwishoni mwa 1929, mji wa Lübeck nchini Ujerumani ulianza kuwapa watoto wachanga BCG ya kumeza. Mbegu ilitoka Paris ikiwa salama, lakini chanjo ilitayarishwa katika labo ya mjini hapo, ambako mikrobe kali ya TB ilikuwa inatunzwa pia. Viwili vikachanganyika. Watoto zaidi ya 240 walipewa, na zaidi ya 70 wakafa. Waganga wawili walihukumiwa kifungo. Uchunguzi ulionyesha kwamba BCG yenyewe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la labo iliyoweka vitu viwili vya namna hiyo pamoja, na haikupima chanjo kwa wanyama kabla ya kuwapa watoto.

BCG iliokoa watoto wengi na TB ya ubongo, ila iliharibu kwa sehemu kipimo cha ngozi. Tuberkulini ina protini nyingi, na nyingi ya hizo zimo ndani ya BCG pia. Mtu aliyechanjwa anaweza kuvimba mkono bila kuwahi kukutana na TB. Kwa zaidi ya miaka hamsini hapakuwa na njia ya kuwatenganisha hao wawili kwa uhakika.

Njia ilitokea mahali ambapo wafugaji wa Masisi wangeielewa vizuri kuliko waganga: kwenye ng'ombe. Australia ilikuwa inapambana kuondoa TB katika mifugo yake. Kipimo cha ngozi cha ng'ombe kinataka mnyama arudishwe baada ya siku tatu ili uvimbe usomwe, na katika mbuga kubwa za kaskazini ya nchi ile, kukusanya kundi mara mbili kwa wiki moja ni kazi kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa taasisi ya serikali ya CSIRO, akiwemo Paul Wood na James Rothel, walitengeneza kipimo cha damu. Damu mbichi ya ng'ombe ilichanganywa na tuberkulini na kuachwa usiku kucha mahali penye joto. Kama chembe za kinga zinaikumbuka TB, zinatoa kemikali iitwayo interferoni gama, na kemikali hiyo inapimwa. Ng'ombe anakamatwa mara moja tu. Mwaka 1997 Australia ilijitangaza kuwa huru na TB ya ng'ombe.

Kwa binadamu palikosekana jambo moja: kuacha tuberkulini, na kupata protini ambayo BCG haina. Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba BCG ilipoteza kipande kizima cha urithi wake, na kipande hicho ndicho kinachotengeneza protini mbili, ESAT-6 na CFP-10. Kwa hiyo damu inayoitikia protini hizo haikufundishwa na chanjo. Kile ambacho mikrobe ya Calmette na Guérin ilipoteza ndicho kilichofanya kipimo kipya kiwezekane. Kutoka Melbourne ikatokea QuantiFERON, ambayo toleo lake la kwanza liliruhusiwa Marekani mwaka 2001 likiwa bado na tuberkulini, kabla ya matoleo yenye protini hizo mpya. Kutoka Oxford nchini Uingereza, kazi ya Ajit Lalvani na wenzake ilizaa T-SPOT.TB.

Hivi ndivyo vipimo ambavyo baadhi ya familia za Wakongomani wamekutana navyo. Tangu mwaka 2018, Marekani ilidai kipimo cha namna hii kwa watoto wa miaka 2 hadi 14 walioomba kuhamia huko kutoka nchi zenye TB nyingi. Sharti hilo liliwakuta watoto wa Congo waliokuwa katika makambi ya Uganda, Burundi, Rwanda na Tanzania.

Kipimo cha damu kinatofautiana na vingine vingi kwa jambo moja: damu lazima iwe hai. Katika QuantiFERON ya sasa, damu inaingia katika vichupa vinne, mililita moja moja. Viwili vina protini za TB. Cha tatu hakina kitu. Kinaonyesha kiasi cha interferoni ambacho mwili ulikuwa nacho tayari. Cha nne kina dawa ya kuamsha kinga kwa nguvu, bila kujali mtu ana TB au hana. Dawa hiyo asili yake ni maharage, ile sumu ya maharage mabichi inayokufa yakichemshwa vizuri. Kazi ya kichupa hicho ni kuuliza kama kinga ya mtu huyu inaweza kujibu swali lolote. Ikiwa haijibu hata pale, labo haina haki ya kuandika negatifu. Inaandika kwamba jibu halijulikani.

Jibu hilo la tatu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Mtoto mwenye utapiamlo mkali, au mtu ambaye virusi vya SIDA vimemshusha kinga, anaweza kulipata mara nyingi zaidi. Linaweza kutoka pia kwa damu iliyochelewa kufika. Kulisoma kama "hana TB" ni kosa, na kulisoma kama "ana TB" ni kosa vilevile.

Vichupa hivyo viwili vya ulinzi vinakamata makosa mengi, lakini havikamati yote. Protini zimekaushwa kwenye kuta za ndani, ndiyo sababu kichupa kinatikiswa mara kumi baada ya kujazwa, kiasi cha damu kugusa kuta zote. Kikitikiswa kidogo, protini zinabaki ukutani. Kikitikiswa kwa fujo, majibu yanaweza kupotoka. Vikishajazwa, vichupa hivi havirudishwi kwenye frigo. Vinatakiwa kuingia katika sanduku la joto la digrii 37 kabla ya saa 16 kupita, na kukaa humo saa 16 hadi 24. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 ulichelewesha damu za watu pozitifu kwa saa sita na saa kumi na mbili kabla ya kuzitia katika joto: karibu mtu mmoja kati ya watano akageuka negatifu. Kila mtu anayejua barabara za Kivu wakati wa mvua, na umeme unaokatika usiku, ataona uzito wa saa hizo.

Lipo pia jambo la milima. Vichupa hivi vinavuta damu vyenyewe kwa sababu hewa imetolewa ndani yake. Juu ya milima hewa ni nyepesi, na kichupa kinavuta damu pungufu. Mwongozo wa QuantiFERON-TB Gold Plus unasema vichupa vya kawaida ni vya kuanzia usawa wa bahari hadi mita 810, na vingine maalumu ni vya mita 1,020 hadi 1,875. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 773 hivi. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460. Kichupa kinachofaa ufukweni Kalemie hakifai Goma wala Bukavu. Pasipo vichupa maalumu, damu huvutwa kwa bomba la sindano na kupimwa mililita moja kwa kila kichupa mara moja. Vichupa vyenyewe vinataka kutunzwa kati ya digrii 4 na 25, kwa hiyo katoni iliyoachwa ndani ya gari juani si ya kuaminika, hata kama tarehe yake haijapita.

Ndani ya labo kuna ulinzi mwingine, na huu ulitoka kiwandani. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mhandisi wa kampuni ya simu nchini Marekani, alichora karatasi yenye mistari ya juu na ya chini kuonyesha wakati kazi ya mashine inapoanza kupotea njia. Mwaka 1950 Levey na Jennings waliileta karatasi hiyo katika labo za hospitali. Kila siku, kabla ya damu za wagonjwa, labo inapima sampuli inayojulikana na kutia nukta. Nukta zikianza kupanda siku baada ya siku, kazi inasimama. Miaka mitatu kabla yao, mwaka 1947, Belk na Sunderman walikuwa wamepeleka sampuli zile zile kwa labo za hospitali za Pennsylvania na kukuta majibu yanayopishana vibaya. Tangu hapo, kupeleka sampuli za siri kwa labo nyingi na kulinganisha majibu kumekuwa desturi. Kwa kipimo hiki cha TB desturi hiyo inafika nusu njia. Ni vigumu kusafirisha damu hai kwa siku kadhaa, kwa hiyo mara nyingi kinachotumwa ni maji ya damu yaliyokwisha andaliwa. Yanapima mashine na msomaji wake. Hayapimi mkono uliotikisa wala gari lililochelewa.

Kinachobaki ni kuhesabu. Labo moja ya chuo kikuu huko California iliona idadi ya pozitifu ikipanda ghafla bila sababu miongoni mwa watu. Watu walipopimwa tena, wengi walikuwa negatifu. Kosa lile lilionekana kwa sababu mtu fulani alikuwa anajumlisha majibu na kulinganisha na miezi iliyopita. Daftari na kalamu vinaweza kufanya hivyo mahali popote.

Kuna pia tatizo la mpaka. Damu inahesabiwa pozitifu kuanzia yuniti 0.35 kwa mililita, na aliye na 0.33 leo anaweza kuwa na 0.38 mwezi ujao bila jambo lolote kubadilika mwilini. Mwaka 2014 utafiti juu ya wafanyakazi wa afya wa Marekani ulionyesha kwamba kati ya waliogeuka kutoka negatifu kuwa pozitifu, zaidi ya robo tatu walirudi negatifu walipopimwa tena baada ya miezi sita. Ndiyo sababu namba inapaswa kuandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa, pamoja na neno.

Mwezi wa Julai 2011 OMS ilifanya jambo ambalo haikuwahi kufanya juu ya TB: ilizitaka nchi ziache kabisa aina moja ya kipimo. Ilikuwa ile ya damu inayotafuta antibodi ili kusema kama mtu anaugua TB ya kukohoa. Vipimo hivyo vilitengenezwa zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini na kuuzwa kwa nchi maskini. Zaidi ya milioni moja vilikuwa vinafanywa kila mwaka, na mgonjwa alilipa hadi dola 30. India ilivipiga marufuku mwaka 2012. Si vipimo vya interferoni, ingawa vyote vinaitwa "kipimo cha damu cha TB". Mwenye kikohozi anapimwa makohozi, na katika vituo vya programu ya taifa ya TB, PNLT, ndiko kwa kuuliza kwanza. Hata kipimo cha interferoni hakiwezi kutenganisha aliyelala na TB na anayeugua.

Mwaka huo huo OMS ilishauri nchi za kipato cha chini zisiache kipimo cha ngozi kwa ajili ya kile cha interferoni. Mwaka 2018 ililegeza na kusema kimojawapo kinatosha. Ilisema pia kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa wa TB, na mtu mwenye virusi vya SIDA, hawahitaji kusubiri kipimo chochote kati ya hivyo. Wakishachunguzwa na kuonekana hawaugui TB, wanaweza kuanza dawa ya kinga. Kwa familia iliyo mbali na labo, shauri hilo lina thamani kuliko mashine.

Mwaka 2022 OMS ilikubali vipimo vipya vya ngozi vinavyotumia protini zile zile, ESAT-6 na CFP-10. Havichanganywi na BCG, na havihitaji sanduku la joto wala umeme wa usiku kucha. Vinasomwa kwa rula, kama cha Mantoux, baada ya siku mbili au tatu. Aliyedungwa Jumatatu anatakiwa kuwepo Alhamisi, na muuguzi aliyemdunga awe bado anajua hema lake liko wapi.